Madoa ya Bandari

Januari, Falmouth. Yoti imepandishwa chelezoni,
imeviringishwa nailoni kama mgonjwa aliyetoka kupasuliwa,
na mimi, dobi wake, sina kazi.

Miezi minane nilikuwa chini ya usawa wa maji:
chumba kisicho dirisha, mashine nne, pasi mbili,
na redio ya Rodel, fundi mitambo, ikikohoa nyuma ya ukuta.
Bandari zote za Mediterania nimefika.
Mama hupiga kutoka Kilosa: "Ehe, Napoli kukoje?"

Napoli ni nyanya, mama.
Nyanya kwenye kitambaa cha meza ya watu kumi na wawili;
hutoka kwa maji baridi na ndimu, ya moto usithubutu.
Palma ni mafuta ya jua, ukichelewa yanageuka njano.
Hvar ni divai nyekundu na ugomvi:
shati lilishuka bila vifungo, likakosa mwenyewe.
Bonifacio upepo ulitukuta mlangoni.
Bonifacio tusiiseme.
Antibes sikumbuki. Antibes walilala hotelini,
mashuka yakarudi meupe kama yalivyokwenda,
nikayafua vilevile. Amri ya Marlize.

Kitanda usichokilalia, wanasema, hujui kunguni wake.
Mimi vitanda nisivyovilalia ndivyo nivijuavyo:
nani hulala upande wa mlango,
nani huacha wanja kwenye foronya ya kushoto,
nani hajamgusa nani tangu Sardinia.
Ndoa ya mwenye chombo niliijua imekwisha
kabla ya mawakili wake.
Sikusema. Nilikunja pembe, nikanyoosha, nikaweka ua.

Sasa ni mvua ya Cornwall, nyembamba, ya ubavuni,
isiyo na adabu ya kunyesha ikaisha.
Serangi Jago, mzaliwa wa Penryn hapo jirani,
kaniazima buti za mkewe na koti linalonuka mbwa.
"Njoo umwone tumbo," akasema.

Nikashuka ngazi, nikapita chini ya mkuku.
Sikujua ni kubwa hivi.
Rafadha zimeng'olewa, matundu yamezibwa matambara,
na matambara nikayatambua: mashuka ya mwaka juzi,
lile doa la Palma lililonishinda.

Jago akahesabu mbavu kwa kidole, akasimama.
"Hapa. Hapa ndipo kitanda chako."
Palikuwa kama pengine pote:
rangi iliyobabuka, kome wawili waliokauka.
Nikaweka kiganja.
Unene wake, akasema, milimita nane.
Upande huu samaki,
upande ule mimi na simu isiyoshika mtandao.
Nikabisha hodi.
Sikungoja jibu. Ila Rodel alikuwa ndani akitafuta bisibisi,
naye, asiyejua neno moja la kwetu,
akagonga mara mbili.
Karibu, nikasikia.
Kama ilikuwa nyundo tu, potelea mbali.

Tumepangishiwa nyumba kilimani, watu sita, choo kimoja.
Juzi jua lilitoka kwa saa nzima na ushee.
Nikafua shuka langu mwenyewe, kwa mkono, kwenye beseni,
nikalianika uani.
Shakwe akapita juu, akaliachia lake.
Nililitazama lile doa. Sikulitoa.
Wala pasi sikuichomeka.
Nilitandika vilevile, nikalala,
na usiku kucha makunyanzi yakanichora mgongoni:
asubuhi kwenye kioo nikaona reli zinapishana
kama pale stesheni nyumbani, mvua ikiwa haijazing'oa.

Mama akapiga. "Na huko uliko, kukoje?"
Nikapandisha blauzi, nikageuka nimwonyeshe,
ndipo nikakumbuka simu yake ni ya tochi.